Ushahidi Ulio Ng'ambo, Meza Iliyo Hapa



Nimekuja na karatasi moja. Katikati yake pana mstari huu: 14 Machi 2025, 21:40:07 UTC, na baada yake tarakimu za anwani ya IP. Karatasi hii ni ya mfano, nimeitengeneza mwenyewe, lakini yeyote aliyewahi kushika jalada la kosa la mtandao ataitambua. Ndivyo kampuni za ng'ambo zinavyotujibu, kwa mstari mmoja mkavu ambao mtu amesubiri miezi kuupata. Nitaurudia mstari huu baadaye, kwa kuwa zipo kesi zinazofia hapo hapo.

Kwanza niwape kisa cha kufuatana nacho, nacho pia ni cha mfano, nimekiunganisha kutokana na mambo yanayotokea kila siku. Tumchukue mama mmoja wa Kariakoo, muuza vitenge wa jumla, tumwite Mama Zawadi. Mzigo wake hutoka Dubai kupitia wakala mwenye ofisi Dar es Salaam, na kwa miaka sita wameandikiana kwa barua pepe. Siku moja inaingia barua yenye jina lile lile na salamu zile zile za "dada yangu, habari za biashara". Hata makosa ya tahajia ya wakala yamo. Tofauti ni herufi moja kwenye anwani, "n" mbili pahali pa moja, na macho ya mtu aliyesimama dukani na wateja hayaoni kitu kama hicho. Barua inasema akaunti ya benki imebadilika, malipo yapite huku. Mama Zawadi analipa shilingi milioni 41. Kufika jioni fedha zimeshatolewa, na wakala wa kweli anapiga simu kuuliza, dada yangu, mbona kimya?

Sasa tazameni ramani ya kosa hili. Aliyeibiwa yuko Kariakoo. Mwizi, tuseme, yuko Sinza, safari ya daladala tu. Benki iko hapa, laini ya simu imesajiliwa hapa. Lakini kinachoweza kumfunga huyu na yule, yaani kumbukumbu za nani alifungua akaunti ile ya barua pepe, lini, na kwa kupitia mtandao gani, kimelala kwenye mashine za kampuni ya Marekani, na mashine zenyewe huenda ziko Ireland. Kosa ni la Dar es Salaam kwa kila hali, isipokuwa ushahidi wake.

Ninalotaka kusema leo, na nitalitetea hadi nishuke hapa, ni kwamba ushahidi ulioko ng'ambo mara nyingi haupotelei ng'ambo. Unapotelea hapa kwetu, mezani, katika siku za kwanza, wakati mama amekaa kwenye benchi la kituo akisubiri kuitwa, na mtu anayeandika maelezo yake hajui kwamba saa zimeshaanza kuhesabika.

Tuanze na swali linalowachanganya hata mawakili wakubwa: ushahidi huo uko wapi hasa?

Mwezi Desemba 2013 hakimu mmoja wa mahakama ya shirikisho jijini New York alitoa hati ya upekuzi dhidi ya kampuni ya Microsoft. Wapelelezi wa dawa za kulevya walitaka barua za mteja mmoja. Kampuni ikatoa taarifa za akaunti zilizokuwa Marekani, lakini barua zenyewe zilihifadhiwa Dublin, na hapo ikagoma. Hoja yake ilikuwa kwamba hati ya hakimu wa New York haiwezi kuvunja kufuli la Dublin. Serikali ikajibu kwamba hakuna kufuli linalovunjwa, mfanyakazi wa Microsoft atabonyeza vitufe akiwa Marekani na barua zitakuja zenyewe. Julai 2016 Mahakama ya Rufani ikaipa Microsoft ushindi. Serikali ikapanda hadi Mahakama ya Juu, hoja zikasikilizwa Februari 2018, na kabla uamuzi haujatolewa Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya, ile wanayoiita CLOUD, iliyosainiwa tarehe 23 Machi 2018. Sheria hiyo inasema kampuni iliyo chini ya mamlaka ya Marekani itatoa data iliyo mikononi mwake popote mashine zilipo. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ikaifuta kesi, kwani hapakuwa tena na cha kuamua.

Miaka minne na ushee ya mabishano. Na jambo ambalo nataka wapelelezi mlikumbuke ni kwamba Ireland yenyewe iliiandikia mahakama kusema iko tayari kuangalia kwa haraka ombi la kawaida la ushirikiano, likiletwa. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Waliokuwa nje walikuwa wakigombania dirisha.

Kuna na jambo la ajabu zaidi. Februari 2017 hakimu mwingine, huko Pennsylvania, alielezwa na Google kwamba mitambo yake huhamisha data yenyewe kwa yenyewe, na kwamba barua moja inaweza kukatwa vipande, maandishi yakawa nchi hii na picha iliyoambatishwa ikawa nchi nyingine. Anayeuliza "data iko nchi gani?" anaweza kupata jibu la saa tatu asubuhi ambalo si kweli tena saa nne. Basi kwa mpelelezi wetu swali lenye faida ni hili: nani anaishika, na huyo anatii sheria ya nani? Kwa huduma nyingi tunazotumia jibu ni kampuni ya Marekani, na sheria ya Marekani. Jibu hilo linapatikana bila kuondoka mezani.

Hapa mtu huniuliza, mwalimu, kwa nini tusiingie wenyewe? Mshtakiwa tunaye, simu yake tunayo, nywila tutaipata. Tuingie kwenye akaunti, tupakue, tumalize.

Wamarekani walishalijaribu. Novemba 2000 vijana wawili wa Urusi, kutoka mji wa Chelyabinsk, waliitwa Seattle kufanyiwa usaili wa kazi. Kampuni iliyowaita ilikuwa ya uongo, imeundwa na FBI. Walipoombwa waonyeshe ufundi wao, wakaunganisha na mashine zao za kule nyumbani, na programu iliyofichwa kwenye kompyuta ikanasa kila kitufe walichobonyeza, nywila zikiwemo. Maofisa wakatumia nywila hizo kuingia kwenye mashine za Chelyabinsk na kupakua mafaili, kisha ndipo wakaomba hati ya hakimu ya kuyafungua. Mahakama ya Seattle ikaukubali ushahidi huo mwaka 2001. Mwaka uliofuata idara ya usalama ya Urusi ikamfungulia mashtaka ofisa wa FBI kwa kosa la kuingia kwenye kompyuta bila idhini. Kwa maneno mengine, aliyetumwa kumkamata mdukuzi akaandikwa mdukuzi.

Marekani inaweza kubeba mzigo wa aina hiyo. Sisi hatuwezi, na hata tungeweza nisingependa tuubebe. Fikirieni njia ya mkato inavyoonekana kwetu. Kijana ameshikwa saa nane usiku. Hana wakili. Anaambiwa, "Fungua." Anafungua. Katika maelezo inaandikwa kwamba mtuhumiwa alitoa nywila kwa hiari yake. Mkataba wa Budapest, ambao tangu 2001 ndio mkataba mkuu wa makosa ya mtandao, unaruhusu katika ibara yake ya 32 kuifikia data iliyo nchi mwanachama nyingine kwa ridhaa halali na ya hiari ya mwenye mamlaka ya kuitoa. Ridhaa halali, na ya hiari. Nani hapa atasimama na kuapa kwamba neno lililotamkwa saa nane usiku na mtu aliyevuliwa mkanda na viatu lilikuwa la hiari? Nimewahi kukaa mahakamani nikiangalia wakili wa utetezi akimuuliza shahidi swali moja tu juu ya jambo hili, na nikaona jalada la kurasa nyingi linavyonywea kama mpira uliochomwa. Na niseme wazi, pale jalada lilistahili kunywea. Mama Zawadi ana haki ya kurudishiwa fedha zake, na kijana wa Sinza ana haki ya kutolazimishwa kujishtaki. Sioni kwa nini tuambiwe tuchague mmoja.

Basi turudi kwenye mlango.

Tanzania ina sheria ya ushirikiano na nchi nyingine katika masuala ya jinai tangu 1991, na Kenya imeipata yake mwaka 2011. Utaratibu kwa ufupi ni kwamba mpelelezi anaandaa ombi, linapitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, linakwenda kwa wizara husika kule, linakaguliwa na wanasheria wao, linapelekwa mbele ya hakimu wao, kampuni inaamriwa, data inarudi kwa njia ile ile. Desemba 2013 jopo lililoteuliwa na Rais Obama lilikadiria kwamba maombi ya aina hii yanayopelekwa Marekani huchukua wastani wa miezi kama 10 kujibiwa. Miezi 10! Wakati huo wote kijana wa Sinza, kama hana dhamana, yuko mahabusu, na kila baada ya siku kadhaa mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Maneno hayo tumeyasikia hadi yamekuwa kama kiitikio. Nyuma ya kiitikio hicho kuna binadamu wawili wanaosubiri, na sijui nani kati yao anaumia zaidi.

Sehemu ya ucheleweshaji huo iko kwao, hatuna la kufanya. Lakini sehemu kubwa ni maombi yanayorudishwa kwa sababu zinazotoka mezani kwetu. Sheria ya Marekani hugawa data katika ngazi. Taarifa za mwenye akaunti, yaani jina alilojaza, namba ya simu, siku ya kufungua na anwani za IP alizotumia, kampuni inaruhusiwa kuipa serikali ya kigeni moja kwa moja ikiona ombi ni halali. Maandishi yenyewe ya barua yamefungwa, hayatoki bila hati ya hakimu wa Marekani, na hakimu huyo anataka kuona sababu za kuamini kwamba ndani ya akaunti ile, ya kipindi kile, mna ushahidi wa kosa lile. Sisi tunaandika "tunaomba taarifa zote za akaunti tajwa kwa ajili ya upelelezi unaoendelea." Taarifa zote! Za lini? Kwa nini? Kesi ya Mama Zawadi ukiitazama vizuri haihitaji kabisa maandishi ya barua kutoka ng'ambo, maana barua anayo mwenyewe, imo kwenye simu yake. Inahitaji anwani ya IP na tarehe ya kufungua akaunti. Mpelelezi anayejua hivyo anaweza kupata jibu katika majuma. Asiyejua anapiga foleni ya miezi 10 kwa ajili ya kitu alichonacho mkononi.

Na kuna suala la sahihi. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, inamruhusu ofisa wa polisi msimamizi wa kituo kutoa amri ya kufichuliwa kwa data. Kenya, katika sheria yao ya 2018, walichagua kumpeleka ofisa mahakamani kwanza. Mimi nasimama na Kenya katika hili, kwa ajili ya faragha ya wananchi, lakini hata asiyejali faragha ajue kwamba sahihi ya mkuu wa kituo inaishia ufukweni. Hakimu wa ng'ambo akipewa amri iliyopitia mikononi mwa hakimu mwenzake huisoma kwa macho mengine.

Sasa lile la muhimu kuliko yote katika sehemu hii. Kumbukumbu hizi haziishi milele. Kampuni hufuta za zamani kupisha mpya, na mwizi naye anaweza kuifunga akaunti kesho asubuhi. Dawa yake ipo, nayo ni rahisi kuliko vyote nilivyotaja: ombi la kuhifadhi. Haliombi kupewa kitu. Linaiambia kampuni, hiki kilichopo msikifute, karatasi za kukiomba zinakuja. Kampuni kubwa za Marekani zina milango maalumu ya kupokelea maombi haya kutoka kwa vyombo vya dola vya nchi nyingine, kwa kawaida huhifadhi kwa siku 90, na muda ukikaribia kuisha unaomba nyongeza. Sheria yetu wenyewe, kifungu cha 33, inaijua dhana hii, na ya Kenya pia. Ni barua ya ukurasa mmoja. Ikiandikwa siku Mama Zawadi alipokaa kwenye benchi, miezi 10 haina makali tena, maana data inangoja. Ikiandikwa mwezi wa nne, mnaomba kivuli.

Mikataba nitaipitia haraka, si kwa kuidharau. Marekani imefunga makubaliano ya kuruhusu wapelelezi kuziandikia kampuni moja kwa moja, hata kwa maandishi ya barua, na Uingereza, yaliyoanza kutumika Oktoba 2022, na Australia, Januari 2024. Hakuna nchi ya Afrika katika orodha hiyo hadi leo. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni itakayotumika kuanzia Agosti 2026, ambapo kampuni itajibu ndani ya siku 10, na saa 8 pakiwa na dharura. Kwetu Afrika, Mkataba wa Malabo uliopitishwa 2014 ulingoja nchi 15 za kuuanzisha, ukaanza kutumika Juni 2023. Mauritius, Senegal, Ghana na Nigeria ni kati ya zilizojiunga na Budapest. Umoja wa Mataifa umepitisha mkataba wake Desemba 2024, ukafunguliwa kusainiwa Hanoi Oktoba 2025, nao unahitaji nchi 40 kuuridhia. Haya ni mambo ya mawaziri. Wapelelezi wasiyasubiri.

Tuseme sasa data imefika. Flashi iko ndani ya bahasha, juu ya meza. Watu wengi hudhani hapo kazi imekwisha.

Mahakama zetu, tuziheshimu kwa hili, hazikuwahi kuikimbia kompyuta. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela alikubali karatasi zilizochapwa kutoka kompyuta ya benki wakati sheria ya ushahidi ilikuwa bado inazungumza habari za vitabu vya benki. Mwaka 2007 Bunge likaongeza vifungu kwa ajili ya mashauri ya jinai, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, ikaweka vipimo: data ilitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, haikuguswa, aliyeiandika alitambuliwaje. Kifungu hicho kinasaidia pia pale kumbukumbu zinapokuwa zimetunzwa na mtu asiye upande wowote wa kesi, katika shughuli zake za kila siku. Kampuni ya ng'ambo ni mtu wa namna hiyo hasa. Haimjui Mama Zawadi wala kijana wa Sinza, haina sababu ya kumpendelea yeyote.

Kenya wana sharti jingine, kifungu cha 106B cha Sheria yao ya Ushahidi, kinachotaka cheti kilichosainiwa na mtu mwenye wadhifa katika uendeshaji wa mtambo uliotoa kumbukumbu. Nani atasaini cheti hicho kama mtambo uko ng'ambo? Jibu ni mtunza kumbukumbu wa kampuni, na sheria za Marekani zinazijua hati za aina hiyo, wao wenyewe wanazitumia mahakamani kila siku. Lakini lazima aombwe. Ukiomba data bila kuomba cheti, utaletewa data bila cheti. Kisha siku ya kusikilizwa wakili anasimama na pingamizi, unagundua unahitaji cheti, na ombi linaanza upya kutoka ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Sentensi moja iliyosahaulika kwenye ombi la kwanza inaweza kugharimu miezi mingine 10.

Halafu mnyororo wa utunzaji. Faili lolote linaweza kupigiwa hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, mfano wa alama ya kidole. Badili nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote unabadilika. Kampuni ikiutuma mfuatano huo pamoja na faili, na mpelelezi akaupiga tena siku ya kupokea na kuuandika kwenye jalada, hakuna atakayesema faili limechezewa. Lakini nani anaupiga? Mara nyingi flashi inachomekwa kwenye kompyuta ya ofisi, ile ile inayoandikiwa barua za likizo, mafaili yanafunguliwa mbele ya watu wanne, yananakiliwa kwenye flashi nyingine "kwa usalama", na kielelezo kinachofika mahakamani hakijulikani ni mtoto au mjukuu.

Sasa karatasi yangu. 14 Machi 2025, 21:40:07 UTC.

UTC ni saa ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Saa 21:40 ya karatasi ni 00:40 kwetu, na tarehe imeshageuka: si tena Ijumaa tarehe 14, ni Jumamosi tarehe 15. Kwa saa yetu ya kuhesabu ni saa sita na dakika arobaini usiku. Shahidi atasema "usiku wa kuamkia Jumamosi", na yuko sahihi. Mzee wa pwani aliyelelewa kuhesabu siku kutoka jua linapozama atasema "usiku wa Jumamosi", naye yuko sahihi, lakini hakimu aliyesomea bara anaweza kuelewa usiku unaofuata. Karani wa mahakama anaandika kwa Kiingereza, anageuza saa sita kuwa 6. Sasa tuna saa nne tofauti kwa tendo moja, na zote zimeandikwa na watu wakweli.

Fikirieni inavyokuwa. Mpelelezi anaipeleka anwani ya IP kwa kampuni ya simu ya hapa na kuuliza, nani alikuwa akiitumia tarehe 14 saa 21:40? Hakuongeza saa tatu. Kampuni inamjibu kwa uaminifu kabisa, inampa mtu aliyekuwa akiitumia anwani hiyo saa 21:40 za hapa. Ni mtu mwingine. Huenda ni dereva wa bodaboda aliyekuwa akiangalia matokeo ya mpira. Anafuatwa nyumbani kwake alfajiri, mlango unagongwa, watoto wanaamka. Kosa zima ni la kujumlisha tatu.

Na hata aliyejumlisha anakutana na jingine. Anwani za IP za mtindo wa zamani ni haba, hivyo mitandao ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja. Wanatofautishwa kwa namba ya poti, namba ndogo inayofuata anwani, kama namba ya chumba katika nyumba ya kupanga. Kampuni ya ng'ambo isipoombwa namba hiyo, huenda isiilete, na pengine haikuitunza. Hapo kampuni ya simu itajibu kwamba dakika ile anwani ilikuwa na wateja mamia. Una nyumba, huna chumba. Mwendesha mashtaka anayesimama na anwani ya IP tupu na kusema "huyu ndiye" anamwomba hakimu abahatishe.

Niseme neno kwa ajili ya mshtakiwa, kwa kuwa katika mihadhara ya namna hii husahaulika. Mlango wote nilioueleza, wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu na hakimu wa ng'ambo, umejengwa kwa ajili ya serikali. Kijana wa Sinza akisema, "Usiku ule nilikuwa Morogoro, na akaunti yangu ina kumbukumbu za mahali nilipokuwa," nani atamletea? Angeweza kuzipakua mwenyewe kwa dakika kumi, akaunti ni yake. Lakini anahitaji simu yake ili aingie, na simu yake ni kielelezo, imefungwa ndani ya mfuko kwenye chumba cha vielelezo. Wakili wake akiiandikia kampuni hajibiwi, au anaelekezwa apitie serikali, yaani apitie kwa wanaomshtaki. Ningependa kuona mahakimu wetu wakitumia mamlaka waliyonayo kuamuru simu ifunguliwe mbele ya pande zote mbili, mtaalamu akiwepo, mshtakiwa achukue kilicho chake. Na ningependa waendesha mashtaka wanapoandika ombi lao waandike pia lile ambalo utetezi umeliomba. Hakuna sheria inayowakataza.

Nimesema mengi juu ya makosa, kwa hiyo nimalizie na meza inavyoonekana mambo yakienda vizuri, maana naamini yanawezekana, na hayahitaji bajeti ya wizara.

Mama Zawadi amefika kituoni saa tatu asubuhi. Mpelelezi ni binti wa miaka kama ishirini na minane. Hamwambii aandike maelezo kisha arudi kesho. Anamwomba aifungue ile barua kwenye simu, na hapigi picha ya skrini tu. Anamwonyesha jinsi ya kutoa vichwa kamili vya barua, ile mistari mirefu iliyofichika inayoonyesha ilikopita, anaihifadhi, anaipiga hesabu ya herufi 64 na kuiandika kwenye daftari la vielelezo mbele ya macho yake. Anampigia ofisa wa benki. Kisha anageukia kompyuta, anafungua mlango wa maombi wa kampuni ya barua pepe, na anaandika:

"Tunaomba mhifadhi kumbukumbu za akaunti iliyotajwa hapo juu, kuanzia siku ilipofunguliwa hadi leo, pamoja na anwani za IP na namba za poti za kila kuingia. Akaunti hii ilitumika kumlaghai mfanyabiashara shilingi milioni 41. Barua husika imeambatishwa. Nyakati zote tulizotaja ni za Afrika Mashariki, UTC+3. Ombi rasmi litafuata kupitia Mwanasheria Mkuu wa Serikali, likiambatana na amri ya mahakama na ombi la cheti cha mtunza kumbukumbu. Tafadhali msimjulishe mwenye akaunti."

Anaisoma mara ya pili, anarekebisha tarehe, anabonyeza kutuma. Saa ya ukutani inaonyesha saa nne kasoro robo. Anamgeukia Mama Zawadi na kumuuliza, "Mama, umekunywa chai?"